Udaktari vyuo binafsi: Bugando, KCMC, Kairuki au Ifakara? Mdogo wangu ana PCB, pointi 10

KakaMkubwa_Kahama

Habari zenu wanajamvi, na shikamooni wakubwa.

Matokeo ya kidato cha sita yametoka. Mdogo wangu wa kike amepata divisheni ya pili, pointi 10: Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Tangu yuko shule ya msingi anasema udaktari, hajawahi kutaja kitu kingine. Muhimbili, chuo cha serikali, tutaomba kama wengine, ila wenye A na B ni wengi, na sitaki tukae tunasubiri huku dirisha la udahili linafungwa.

Kwa hiyo nimeanza kupima vyuo binafsi vinavyotoa Shahada ya Udaktari wa Tiba. Nimebaki na vinne: CUHAS pale Bugando Mwanza, KCMC Moshi, Kairuki Dar es Salaam, na Mtakatifu Fransisko Ifakara (SFUCHAS). Sisi tuko Kahama. Mama anauza mchele, mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, baba amestaafu. Ada ya mwaka wa kwanza tutaikusanya hata bila mkopo. Miaka mitano yote bila mkopo hatuiwezi.

Baba anataka arudie mtihani mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea, apate alama za chuo cha serikali. Mjomba anasema aanze na diploma ya utabibu. Mwenyewe analia tu chumbani. Naomba waliopita huko wanilinganishie hivi vyuo kwa yale ambayo hayaandikwi kwenye matangazo.

Mama_Udahili

Marahaba kaka. Nimefanya kazi ofisi ya udahili kwa muda mrefu, kwa hiyo nianze na hesabu, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa bure.

Hizo pointi 10 ni za Baraza la Mitihani (NECTA) za kupangia divisheni, ambako A ni 1 na idadi ikiwa ndogo ndiyo vizuri. Kwenye udahili inahesabiwa kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu hiyo mdogo wako ana 8. Kiwango cha chini cha udaktari ni 6 kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Sifa anazo. Mwenye CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), hata awe na A zote, hapo haombi kwa sababu hana Fizikia.

Ila kuwa na sifa na kuchaguliwa ni mambo mawili. Pakua kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) cha mwaka huu, kile cha waliomaliza kidato cha sita. Kila programu imeandikiwa idadi ya nafasi zake. Wengi wanasoma safu ya sifa na kuishia hapo, wakati safu ya nafasi ndiyo inayokwambia mashindano yako wapi.

Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, ule mfumo wa pamoja ulishaondolewa. Kwa hiyo aombe vyote vinne, na cha serikali juu yake. Ada ya maombi kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000. Akichaguliwa zaidi ya kimoja atatumiwa namba maalum ya siri kwenye simu ili athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa. Nawaomba sana: namba ya simu iwe yake mwenyewe au yako. Nimeona watoto wakiandikisha namba ya mwenye steshenari aliyewajazia fomu, ujumbe ukaja, wao wako kijijini hawana habari.

Na mtu yeyote akikwambia ana njia yake ya ndani ya kumpatia nafasi, mpe kisogo.

Mtarajali_Mwanza

Mimi ni zao la Bugando, sasa hivi niko mwaka wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini baada ya shahada.

Swali kubwa la chuo cha udaktari ni moja: mwanafunzi atakutana na wagonjwa wangapi, na wa aina gani? Maabara nzuri na majengo mapya vinafurahisha, ila kuanzia mwaka wa tatu maisha yako ni wodini. Hospitali ya Bugando imefunguliwa 1971 na ndiyo ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Wanaletwa kutoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu na huko kwenu Shinyanga. Utaona watoto wenye selimundu, kichocho kilichokwisha kuharibu ini kwa sababu watu wanaishi na ziwa, saratani zilizochelewa, malaria kali. Kuna vitu nilivishika kwa mikono yangu ambavyo wenzangu wa mahali pengine walivisoma tu.

Ubaya wake ni msongamano. Wewe, wenzako, wauguzi wanafunzi na watarajali mnazunguka kitanda kimoja, na raundi ikikwisha kuna mtu hakusikia kitu. Mwanafunzi mwenye haya anapata tabu. Inabidi urudi wodini jioni, ukae na mgonjwa, umuulize upya taratibu. Je, mdogo wako ni mtu wa kujisogeza mbele? Hilo lifikirieni kwa makini kuliko mnavyofikiria rangi ya majengo.

Kwa upande wa maisha, Kahama hadi Mwanza ni safari ya siku hiyo hiyo. Mama anaweza kumtumia gunia la mchele kwa basi. Kwa miaka mitano hiyo ni fedha nyingi sana ambayo haionekani kwenye karatasi ya ada.

MamaNeema_Tegeta

Hapo kwenye karatasi ya ada ndipo ninapotaka kusemea, maana nina binti anasoma udaktari chuo binafsi hapa Dar.

Kairuki ni chuo cha heshima, kimeanza 1997 na kina hospitali yake Mikocheni, wanafunzi wanaanzia hapo hapo. Binti yangu anatokea nyumbani, sisi gharama yetu ni nauli na chakula. Kwa mtoto wa Kahama hesabu inabadilika kabisa: chumba, maji, umeme, chakula cha kununua. Mikocheni na jirani zake si mahali pa kupata chumba cha bei ya mwanafunzi, atapanga mbali na kuamka alfajiri kugombania daladala.

Halafu ada siyo ada peke yake. Kuna bima ya afya ya NHIF 50,400 kwa mwaka, kuna 20,000 ya TCU, kuna usajili, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi, hosteli. Ukifika mwaka wa wodi kuna koti, stethoskopu na vifaa vingine. Usikubali kupewa tarakimu ya mwaka wa kwanza tu. Omba muundo wa ada wa miaka yote mitano kwa maandishi, uulize pia wanakubali awamu ngapi za malipo.

Na mkopo wa Bodi ya Mikopo uelewe vizuri kaka yangu. Bumu, ile 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, inaingia kwa mwanafunzi. Ada inaenda chuoni, lakini kwa kiwango alichopangiwa, na mara nyingi haifuniki ada yote ya chuo binafsi. Pengo hilo ni la kwenu kila mwaka. Mtoto wa ndugu yangu, chuo ambacho sitakitaja, alizuiwa kuingia kwenye mtihani wa mwisho wa muhula kwa deni la pengo hilo hilo, na mkopo alikuwa nao. Walidhani mtoto akishapata mkopo kazi imekwisha. Niliumia sana kwa yule kijana, alikuwa anafanya vizuri darasani.

Tabibu_Kilombero

Mjomba wenu ana hoja. Mimi nilipita njia hiyo: diploma ya utabibu miaka mitatu, nikafanya kazi kituo cha afya, kisha nikaomba udaktari kwa sifa linganishi. Inatakiwa GPA (wastani wa alama za diploma) isipungue 3.0 na ufaulu wa masomo ya sayansi kidato cha nne, na kabla ya kuomba unapata namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma. Ukiingia wodini mwaka wa tatu wewe tayari umeshazalisha, umeshona vidonda, umekaa zamu ya usiku peke yako. Unajiamini.

Ila njia hiyo ni ya mtu ambaye alama hazijatosha, au fedha haipo kabisa. Huyu binti alama anazo. Miaka mitatu ya diploma na mitano ya shahada ni minane kabla ya utarajali. Mwenye 8 kumpeleka diploma ni kumrudisha nyuma bila sababu.

Kuhusu Ifakara, watu wanaisahau. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ni ya rufaa na ni ya zamani, inahudumia bonde lote la Kilombero, wagonjwa wapo wa kutosha. Mji ni mdogo, chumba na chakula ni nafuu, na hakuna mambo mengi ya kumtoa mtu kwenye vitabu. Tangu daraja la Kilombero lifunguliwe 2018 hata wagonjwa wa ng'ambo ya mto wanafika kwa urahisi. Kinachonipa wasiwasi ni umbali: kutoka Kahama akiugua, nani atafika kwake siku hiyo hiyo? Na mabingwa wa fani ndogo ndogo hawawezi kuwa wengi kama Bugando au KCMC.

Binti_wa_Moshi

Mbona KCMC mnairuka? Nimemaliza pale. Hospitali imefunguliwa 1971, ni rufaa ya Kanda ya Kaskazini, na kwa utaratibu wa kufundisha sijaona mahali pa kuilinganisha nayo kwa urahisi. Kuna kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha madaktari wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na ndiko yanakotengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Mwanafunzi wa shahada anapita humo, anaona kazi hiyo ikifanyika. Utafiti nao ni wa nguvu, kijana akiupenda anaanza mapema kushika kalamu.

Watu wanauliza pia habari ya dini, kwa kuwa KCMC ni ya Walutheri na Bugando ni ya Maaskofu Katoliki. Darasani kwetu Waislamu walikuwepo, wakifunga na kuswali bila shida. Udahili haumuulizi mtu anasali wapi.

Sikubaliani na mtu mmoja tu hapa, na ni baba yenu, kwa heshima zote. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai. Ni mwaka mzima mtoto yuko nyumbani anapambana na D moja ya Fizikia, bila maabara, bila mwalimu wa kila siku.

Mama_Udahili

Binti wa Moshi, nikupinge kidogo. Mzee hajakosea hesabu. Ada ya udaktari chuo cha umma haifiki nusu ya binafsi. Mara tano, hiyo ni nyumba. Kama familia haina uwezo wa kuziba pengo la mkopo kila mwaka, mwaka mmoja wa kurudia ni nafuu kuliko kuacha masomo mwaka wa tatu. Tatizo ni kwamba hakuna anayemhakikishia hizo B. Kwa hiyo kauli yangu: aombe sasa, kote, na uamuzi wa kurudia uje baada ya majibu ya udahili na ya Bodi.

KakaMkubwa_Kahama

Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti mbele ya baba na mama. Mzee amekubali tuombe kwanza.

Mtarajali, umeniuliza kama ni mtu wa kujisogeza. Hapana, ni mpole, lakini nyumbani hapa ndiye aliyekaa na bibi hospitali mwezi mzima, akajua majina ya wauguzi wote wa wodi ile. Nadhani mbele ya mgonjwa atakuwa sawa kuliko mbele ya mwalimu.

Tumeweka hivi: Bugando kwanza kwa sababu ya ukaribu, KCMC ya pili, Ifakara ya tatu. Kairuki tutaomba, ila akiipata peke yake itabidi tutafute ndugu wa kumkaribisha Dar, vinginevyo chumba kitatumaliza. Muhimbili na Dodoma tunaomba kwa upande wa serikali. Nitawapigia vyuo vyote simu kuomba muundo wa ada wa miaka mitano kama alivyosema Mama Neema.

Swali moja la mwisho: vyeti vya shule vina majina matatu, cheti cha kuzaliwa kina mawili, na moja limeandikwa tofauti herufi. Itasumbua?

Mama_Udahili

Itasumbua, tena kwenye mkopo kuliko kwenye udahili. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na majina yasomane na ya NECTA. Kesho asubuhi nendeni kwa wakili mkaandae hati ya kiapo ya majina, halafu muanze uhakiki RITA wiki hii hii. Msisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe, wakati huo foleni ni ndefu. Cheti cha kifo au barua ya kustaafu ya mzazi, vyovyote vinavyoonyesha hali ya kipato, navyo viwe tayari. Kwenu ni barua ya pensheni ya mzee.

KakaMkubwa_Kahama

Wakili yupo jirani na duka langu, naenda kwake na mdogo wangu saa mbili asubuhi. Nitarudi hapa majina ya awamu ya kwanza yakitoka.