Mjadala: Pesa za umma ziende maabara za matetemeko au kwa wanaojenga?

Mpangaji: Japani wana meza ya kutikisa majengo huko Miki, karibu na Kobe. Mita 20 kwa 15, inabeba jengo la hadi tani 1,200 na kulitikisa mpaka lisalimu amri. Ilianza kazi 2005. Hongera zao. Lakini Haiti 2010 tetemeko la 7.0 liliua watu kwa makumi ya maelfu, na elimu ya kuyazuia hayo ilikuwepo siku nyingi. Sasa pesa ziendelee kwenda kwenye utafiti, au kwenye ukaguzi na kuwafunza watu?

Dokta Mtikisiko: Utafiti kwanza, hata si la kubishania. Meza hiyo ni matunda ya kilichowapata Kobe mwaka 1994. Na tuambizane ukweli, kinachoua watu si tetemeko, ni mafundi wasiojua kusoma ramani.

Fundi Ringi: Nilipofika hapo kwenye "wasiojua kusoma ramani" nikaweka nondo chini. Miaka 22 nafunga nguzo. Mhandisi anakuja na kofia nyeupe, anapiga picha mbili, huyo kaondoka. Haya Dokta, ncha za ringi ya nguzo zinakunjwaje?

Dokta Mtikisiko: Ringi inazunguka nondo za wima, inafungwa kwa waya. Mtoto anajua hilo.

Fundi Ringi: Nimeuliza ncha, umenijibu duara. Ukizikunja nyuzi 90, zinalala kwenye ngozi ya nje ya zege. Mtikisiko ukija ngozi inabanduka, ncha hazina pa kushika, ringi inafunguka, nondo zinabenuka, nguzo kwisha. Nyuzi 135 zinazama ndani, kwenye kiini. Ngozi imwagike isimwagike, zimeshika. Ila zinaumiza mkono na kazi inachelewa, kwa hiyo wengi wanazikwepa na msimamizi haulizi.

Binti Kokoto: Kobe ni Januari 17, 1995. Ya 1994 ni Northridge, Marekani, tarehe ile ile. Lakini fundi, hizo nyuzi 135 si ndizo wanazozipima maabara?

Fundi Ringi: Dada, mimi sijaibeza maabara, nimembeza Dokta. Nyuzi 135 nilifundishwa na mhandisi mama aliyepanda jukwaani akashika chuma cha kukunjia yeye mwenyewe. Ringi tatu nikaharibu, ya nne ikakaa.

Dokta Mtikisiko: Tarehe naikubali. Lakini sikusema mafundi wote.

Jicho la Tatu: Ulisema "mafundi", panda juu ukasome. Uturuki Februari 2023 walikufa zaidi ya 50,000, na kanuni za kisasa za ujenzi walikuwa nazo. Mwaka 2018 serikali ikatangaza msamaha: lipa ada, jengo lako lisilofuata taratibu linahalalishwa. Aliyetia saini pale alikuwa fundi?

Dokta Mtikisiko: Haya, siasa imeingia.

Jicho la Tatu: Imeingia? Ndiyo iliyopiga muhuri!

Binti Kokoto: Chile je? Wiki sita baada ya Haiti walipigwa na 8.8, nishati kama mara 500 ya lile la Haiti, wakafa mia tano na kitu. Kule anayejenga na kuuza anabanwa kisheria kwa kasoro za muundo miaka 10.

Dokta Mtikisiko: Usilinganishe hivyo. La Haiti lilipasuka jirani kabisa na mji mkuu, tena si kina kirefu. La Chile lilianzia baharini.

Fundi Ringi: Dokta, ulishawahi kukunja hata ringi moja?

Dokta Mtikisiko: Nimezipima nyingi kuliko ulizokunja.

Fundi Ringi: Nimeuliza kukunja.

Mpangaji: Jamani, niliuliza habari za pesa. Ila mmenitia hofu, nimeshuka kuangalia. Chini kwangu ni maegesho matupu, nguzo tu, hakuna ukuta hata mmoja. Kuta zote zinaanzia juu. Hilo nalo lina jina?

Binti Kokoto: Linaitwa ghorofa laini. Mtikisiko wote unakusanyika pale penye nguzo tupu.

Fundi Ringi: Kaka, wewe unalala ya ngapi?

Mpangaji: Ya kwanza, juu ya magari.