Naomba ushauri: kuunganisha seva ya redio (Icecast) na Google Analytics

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada nimekwama. Naendesha redio ndogo ya mtandaoni, seva ni Icecast kwenye Linux, port 8000. Kwenye tovuti Google Analytics (ya kuhesabu wageni) nimeshaweka na inahesabu vizuri tu, shida wasikilizaji wengi hawapiti huko kabisa, wanafungua linki ya strimu moja kwa moja kwa VLC au app, na huko hakuna javascript ya kuwahesabu. Jana usiku kipindi cha taarab status-json (ukurasa wa Icecast wa kuonyesha wanaosikiliza muda huo) ilionyesha watu 63, Analytics ikasema 4! Mdhamini nimpelekee ipi?

Nimewaza kusoma access.log (faili ambalo Icecast inaandika kila aliyesikiliza), maana mwisho wa kila mstari kuna sekunde mtu alizosikiliza, halafu skripti itume kwa Measurement Protocol (njia ya Google ya kutuma data Analytics kutoka kwenye seva). Ila mstari wenyewe unaandikwa mtu akishakata, aliyekaa masaa matatu unamwona baada ya masaa matatu.

Njia nyingine ni auth ya URL (Icecast inauliza skripti kama msikilizaji aruhusiwe), ile listener_add na listener_remove, Icecast inaita skripti yangu ya PHP mtu akiingia na akitoka. Hii naipenda zaidi ila skripti isipojibu icecast-auth-user: 1 msikilizaji anakataliwa, yaani PHP ikilala redio nayo imelala, hapo ndo naogopa.

Na client_id (kitambulisho cha kila msikilizaji kwenye Analytics) naitengenezaje? IP peke yake haifai, watu wengi wa data za simu wanatokea kwenye IP moja.

Au nihamie Matomo tu (programu nyingine ya takwimu kama Analytics), naona skripti yake ya kuingiza logi inaijua icecast2? Aliyewahi kuifanya anielekeze tafadhali.