Kamwita Sean Kelly kenge, tena hewani, halafu akanikatia simu

Fundi wa Stendi:

Wakuu, naandika mikono ina grisi na moyo unachemka, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Nisipoyatoa usiku huu sitalala.

Wote mnamjua. Jina silitaji, hastahili hata herufi moja kwenye uzi wangu. Yule mwenye sauti ya mtungi, anayechambua kila kinachosogea: mpira, ngumi, bao, mbio za mbuzi. Jana usiku kajipa kazi ya kuchambua baiskeli. Baiskeli! Mtu ambaye ukimpa spana namba kumi na tano atauliza inaliwa na mboga gani.

Alikuwa anasimulia mbio za dunia za Kigali, Septemba 2025, jinsi mshindi, Pogačar wa Slovenia, alivyoondoka zake mapema na kuwaacha wenzake wakitafuta pumzi. Sawa. Akafika kwa mshindi wa tatu, akasema "huyu Mwairishi sijui katokea wapi". Nikapiga simu. Nimesubiri dakika ishirini salio linateketea. Nikaingia hewani, nikasalimia kwa adabu, nikamwambia kaka, huyo ni Ben Healy, na hiyo shaba yake ni medali ya kwanza ya Ireland kwenye mbio za dunia za barabarani za wanaume tangu Sean Kelly alipochukua shaba pale Chambéry 1989. Nikaishia hapo. Sikumtukana mtu.

Akacheka. Akasema, "Kelly? Hajabeba Tour de France hata moja. Bwana, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo." Kisha simu ikakatika, likaingia tangazo la sabuni.

Kenge, wakuu. KENGE.

Kenge gani anashinda Paris–Nice, zile mbio za wiki nzima za Ufaransa, mara saba mfululizo? Kuanzia 1982 mpaka 1988, kila Machi, yeye tu. Mtoto aliyezaliwa wakati anashinda ya kwanza alikuwa anang'oka meno ya utoto wakati anashinda ya saba. Kenge gani anabeba Paris–Roubaix mbili, 1984 na 1986, kwenye yale mawe ambayo baiskeli zetu hizi zingebaki usukani na kengele? Milan–San Remo mbili, Liège mbili, Lombardia tatu. Hizo ni mbio kongwe za siku moja, zile tano ambazo mtu akishinda moja anazikwa nayo kaburini. Humo Kelly ana ushindi mara tisa. Iliyomkwepa ni Flanders peke yake, akawa wa pili 1984, wa pili 1986, wa pili 1987, na hilo linaniuma mpaka leo kama nilikuwa namshikia chupa ya maji mimi.

Mtoto wa mkulima huyo, kijiji cha Curraghduff huko Ireland, jirani na Carrick-on-Suir. Jean de Gribaldy, meneja wa timu ya baiskeli, alimfuata kwao kutoka Ufaransa kwenda kumsajili, akamkuta juu ya trekta. Mtu anafuatwa nchi ya watu shambani kwao, ndiye wa kuitwa kenge na mtu anayekaa kwenye kiyoyozi?

Mimi nilimjua Kelly nikiwa darasa la nne. Parokiani kwetu alikuwepo padri Mwairishi, ana video na jenereta, na kanda moja aliyokuwa haimwazimi mtu: Milan–San Remo ya 1992. Jumapili baada ya misa tulikuwa tunabanana sakafuni watoto kumi na kitu. Mwitaliano Argentin anajichomoa kwenye kilima cha Poggio, anafika juu peke yake, kila mtu anajua yameisha. Halafu nyuma kwenye mteremko anatokea mzee wa miaka 35. Mgongo umelala sambamba na barabara, viwiko vimebanwa, kwenye kona hagusi breki mpaka moyo wako wewe ndio unafunga breki. Anamkamata karibu kabisa na mwisho. Argentin anageuka, anamwona, na pale pale uso unabadilika. Wanabaki wawili. Kelly anampiga kwenye mkimbio wa mwisho. Padri alikuwa anarudisha kanda nyuma tuangalie tena ule mteremko, na kila mara anafuta miwani kwa shuka ya altare. Ndiyo maana mimi leo ni fundi baiskeli.

Halafu mtu anacheka hewani. "Na kenge wamo."

Na Kigali nilikwenda. Nilipanda basi Kahama, nikavuka Rusumo, nikasimama pale kwenye kilima cha Kimihurura, kwenye mawe, tangu asubuhi. Healy alipopita raundi za mwisho nilikuwa karibu kiasi cha kusikia mnyororo wake. Mdomo wazi, chumvi imemkauka kwenye paji la uso. Wamemaliza watu 30 tu siku ile! Huyo mchambuzi wenu angemaliza hata foleni ya kununua maji?

Sitaki ushauri. Nataka mniambie: ni haki? Kenge?

Kanda Mbili:

Mkuu nimesoma mpaka mwisho nikijua utasema Kelly ni shemeji yako.

Spoku Sita:

Weka sauti ya hicho kipindi. Bila sauti huu ni uzushi kama nyuzi nyingine.

Binti Igunga:

Mimi niliisikia. Ni kweli kacheka. Ila fundi naye alianza na "kwanza kabisa nipende kushukuru" akamaliza nusu dakika, ndiyo maana kakatiwa.

Fundi wa Stendi:

Binti Igunga, salamu ni ustaarabu. Kukatiwa ningekubali. Wageni hukatiwa. Lakini kukatiwa BAADA ya kenge?

Mzee Mto Kagera:

Kwani kenge ana ubaya gani? Nimekulia kando ya mto. Kenge anaogelea, anapanda mti, na anafukua mayai ya mamba anakula. Mamba wenyewe wanamwogopa kwenye viota vyao. Kama Kelly ni kenge, basi hao mamba wa Tour walikuwa na kazi.

Fundi wa Stendi:

Mzee, kwa heshima zote, usinifundishe kenge usiku huu.

Jezi ya Waridi:

Tuseme ukweli. Mwairishi ni mmoja, Stephen Roche. 1987 alichukua Giro, mbio kubwa za Italia, akachukua Tour, akachukua ubingwa wa dunia Villach, Austria. Mwaka mmoja! Kabla yake aliyewahi kufanya hivyo kwa wanaume ni Mbelgiji Merckx tu, 1974. Na Giro ile aliichukua kwa roho ngumu, maana mwenye jezi ya waridi ya kiongozi, Visentini, alikuwa wa timu yake mwenyewe. Kamshambulia njia ya Sappada, mashabiki wa Italia wakawa wanamtemea mate barabarani. Tour alipofika juu ya mlima wa La Plagne alizimia akawekewa oksijeni, kesho yake akapanda tena. Akashinda kwa sekunde 40. Huyo ndiye mamba. Kelly namheshimu, lakini uzi umeelekezwa kwa mtu asiye sahihi.

Fundi wa Stendi:

Hapo sasa! Nani kamtukana Roche hapa? Na Villach unayoisema, Ireland walianza siku ile wakimpigania Kelly, mambo yakageuka, Roche akaenda, Kelly akawa wa tano na hakumnunia mwenzake. Alikuwa na kinyongo gani? Roche alikuwa na mwaka wake. Kelly alikuwa na miaka yake. Orodha ya dunia ya wanabaiskeli ilipoanza 1984, namba moja ni Kelly, akaishikilia miaka mitano. Kenge anashika namba moja miaka mitano?

Kanda Mbili:

Kenge namba moja.

Mwalimu Mstaafu Tabora:

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mwaka 1975 huyo Kelly wenu na wenzake walikwenda Afrika Kusini ya makaburu kushiriki mbio za Rapport Toer, kwa majina ya kujificha, wakati dunia imesusia. Wakagundulika. Wakafungiwa maisha kushiriki Olimpiki, Montreal 1976 ikawapita. Na Montreal hiyo hiyo sisi Tanzania hatukwenda, kwa sababu New Zealand walipeleka raga kwa makaburu na hawakuondolewa. Filbert Bayi alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:32.2, aliyoiweka Christchurch Februari 1974 mbele ya John Walker nyumbani kwake New Zealand. Akabaki huku, Walker akachukua dhahabu. Kijana wetu kakosa medali kwa ajili ya utu wa watu weusi, wenzake wanajificha majina waende kukimbia kule. Mimi kwa Kelly sina machozi.

Fundi wa Stendi:

Mwalimu, shikamoo. Hilo silitetei na padri naye hakulitetea, alitusimulia mwenyewe. Alikuwa na miaka 19, alikwenda pasipostahili, alifungiwa ilivyostahili. Mnyonge mnyongeni. Lakini mchambuzi hakusema hayo! Angesema hayo ningekaa kimya nimeinamisha kichwa. Yeye kasema kenge kwa sababu ya Tour, wakati Tour hiyo hiyo jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi, Kelly kaivaa mpaka mwisho mara nne, 1982, 1983, 1985 na 1989. Hiyo ndiyo jezi aliyokuja kubeba Biniam Girmay wa Eritrea 2024, tukalia hapa jukwaani wote. Ya Biniam ni heshima, ya Kelly ni kenge?

Binti Igunga:

Mwalimu, shikamoo yangu pia. Kumbe Bayi na Montreal iko hivyo? Sikuwahi kuambiwa shuleni.

Mwalimu Mstaafu Tabora:

Mjukuu wangu, ndivyo. Moscow 1980 alikwenda, akapata fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Ile mita 1500 ya Christchurch aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kumsubiri mtu. Nilikuwa nasikiliza redioni, shule nzima tuko nje.

Spoku Sita:

Mwalimu fungua uzi wako wa Bayi, tunakuja na viti.

Nairobi Kwa Pedeli:

Wazee, poleni na kenge, lakini machungu ni yetu huku. Chris Froome amezaliwa Nairobi 1985. Amefunzwa baiskeli hapa hapa vumbini. Melbourne 2006 kwa michezo ya Jumuiya ya Madola amevaa jezi ya Kenya. Kufika 2008 ashahama, anakimbia kwa leseni ya Uingereza. Halafu ndio Tour: 2013, 2015, 2016, 2017. Nne! Zimeimbiwa wimbo wa watu wengine. Wewe unalia juu ya neno moja, sisi tulipoteza mtu mzima na baiskeli yake.

Kanda Mbili:

Kenya mna wakimbiaji wangapi, mwacheni huyo mmoja aende.

Nairobi Kwa Pedeli:

Si hoja ya wangapi. Nani alimpa sababu ya kukaa? Ukiuliza chama utajibiwa nini?

Dada wa Tyubu:

Mnazungumzia vyama, mimi niulize jambo la barabarani. Hawa wa daladala wanaotupigia honi sikioni na kutusukuma mtaroni watakoma lini? Leo asubuhi konda kanitolea mkono dirishani kanigonga kofia. Namna hii huyo Kelly wa kwetu atatokea wapi?

Spoku Sita:

Nami niongeze spoku za siku hizi. Nimenunua dazeni mbili wiki iliyopita, tano zimekatika kichwani kabla sijafika nyumbani. Zamani spoku unaikunja unaikunjua. Hizi ni kama njiti.

Dada wa Tyubu:

Na tyubu nazo! Unaziba pancha, inavuja pembeni ya kiraka.

Fundi wa Stendi:

Wakuu, naomba turudi. 1987 Kelly anaongoza Vuelta, mbio kubwa za Hispania, siku chache wafike mwisho, akatokwa jipu mahali pa kukalia. Mnajua kukaa kwenye tandiko na jipu? Akashuka akiwa kiongozi. Mtu mwingine angeichukia Hispania maisha yake. Yeye 1988 akarudi, akaichukua jezi ya kiongozi kwenye mbio za kushindana na saa siku moja kabla ya mwisho, akashinda Vuelta nzima. Huyo ndiye mtu ambaye mchambuzi kakaa akamcheka.

Kanda Mbili:

Hapo kwenye jipu fundi nimekuelewa. Mengine endelea kupoa.

Mzee Mto Kagera:

Spoku za kichwa kilichokatika usinunue tena duka lile la karibu na soko. Ukikaza sana nati zake pia zinakatika, ujue.

Spoku Sita:

Sikukaza sana Mzee.

Binti Igunga:

Samahani, fundi wewe ndiye uko stendi Kahama? Baiskeli ya mama friwili yake nikikanyaga inazunguka bure, halafu ghafla inashika. Jana nusura inimwage mbele ya bajaji.

Fundi wa Stendi:

Ndiye mimi. Hiyo ni vile vijino vya ndani vimegandana na grisi ya zamani, havichomoki kushika meno. Bado haijafa. Usimwagie mafuta ya kula, watu wengi wanaharibu hapo, yanaganda zaidi. Iloweke friwili kwa mafuta ya taa usiku huu, asubuhi niletee saa moja kabla foleni haijawa kubwa. Na usiipande kuja nayo, ikokote.