Naomba ushauri: US 77 kuwa I-69E, mageti ya mashamba na daraja la kimo kidogo

Salamu wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mliowahi kusanifu barabara kuu za Marekani.

Nina zoezi la usanifu: kilomita 8 za barabara kuu ya US 77 kusini mwa Robstown, Texas, zifikie viwango vya Intasteti (barabara kuu za Marekani zinazoingiwa kwa njia maalum tu), ziwe sehemu ya I-69E. Njia mbili kila upande za mita 3.6 zipo, bega (ukingo wa lami kando ya njia) la kulia la mita 3 lipo. La kushoto lina mita 0.6 badala ya 1.2, hilo jepesi.

Kinachonitesa ni mageti 14 ya mashamba yanayofunguka moja kwa moja kwenye lami, na matrekta ya pamba yanayokatiza katikati. Nimechora barabara za huduma (barabara ndogo sambamba, za kuhudumia mashamba hayo) pande zote mbili, ila upande mmoja reli imebana, haiingii.

Halafu kuna daraja linalopita juu ya barabara, lenye kimo cha mita 4.95 kutoka lami hadi chini ya mihimili. Kiwango ni 4.9, kwa hiyo nikiongeza tabaka la lami la sm 10 tu, nimeshafeli.

Maswali:
1. Barabara ya huduma ikibaki upande mmoja, daraja la kuvushia matrekta mnaliweka kila baada ya kilomita ngapi?
2. Chini ya daraja, nikwangue lami ya zamani kwanza au ninyanyue mihimili kwa jeki?