Deni la simu ya mkopo limenikosesha mkopo benki: nilipe lote, nipatane nao, nipinge au nihamie SACCOS?

Mkulima_Isyonje

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya, nalima viazi mviringo ekari tatu kule Isyonje. Juzi nilikwenda benki mjini kuomba milioni tano za mbegu na mbolea. Hati ya kiwanja ninayo, barua ya serikali ya mtaa ninayo, mdhamini yupo. Dada wa mikopo akabonyeza kompyuta yake, akanyamaza, halafu akanigeuzia kioo: "Kaka, hii simu uliimaliza?"

Simu gani tena? Ndipo nikakumbuka. Mwaka juzi nilichukua simu ya mkopo Mwanjelwa, kianzio 60,000, halafu 1,500 kila siku kwa siku 365. Nililipa siku 240 bila kukosa. Siku zilizofuata nikaibiwa ndani ya bajaji nikitoka Kabwe. Nikajisemea, simu kaondoka nayo mwizi, mimi nalipia nini? Nikaacha. Walipiga wakachoka, laini yenyewe nikaitupa.

Kwa hesabu yangu zilibaki 187,500. Kwenye taarifa pameandikwa 312,400, kuchelewa zaidi ya siku 400. Mkopo umegonga mwamba.

Njia ninazoziona ni nne: kulipa yote yaishe, kupatana nao wapunguze, kuipinga hiyo 312,400, au kuachana na benki niende SACCOS ama kikundi. Mliopitia haya mnisaidie kupima. Mvua hazinisubiri.

fundi_sido

Mkuu unahangaika bure. Sajili laini mpya, omba mkopo kwa jina la shemeji, maisha yaende.

Afisa_Mstaafu

Fundi, usimpoteze mwenzio. Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi. Tunachoangalia si laini, ni namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ubadilishe laini kumi, ukiweka kitambulisho tu deni linakuja nyuma yako. Na huyo shemeji akiweka nyumba ya familia dhamana, sheria ya ardhi inataka ridhaa ya mwenza, kwa hiyo mwenza wake anaitwa na anasaini. Hapo siri itafichika wapi?

Mkulima, kabla hujachagua njia, pata kwanza taarifa yako yenyewe, siyo ile ya kuchungulia kwenye kioo cha dada. Zipo kampuni zenye leseni ya Benki Kuu zinazokusanya taarifa za wakopaji, kama Creditinfo Tanzania. Unaomba kwa kitambulisho chako. Ikifika, usikimbilie alama ya jumla. Soma mstari wa deni lenyewe: nani aliyepeleka taarifa, kiasi cha awali, salio, siku za kuchelewa, na tarehe walipoipeleka mara ya mwisho. Hiyo tarehe watu huiruka, wakati ndiyo inayokuonyesha kama salio ni la leo au la mwaka jana.

Deni likipita siku 90 benki tunaliita chechefu. Iwe 187,500 au milioni 18, mfumo unaonyesha mtu aliyeacha kulipa. Ndiyo maana hati yako ya kiwanja haikumgusa yule dada.

Mama_Ipogolo

Kamwene kutoka Iringa. Mimi niliifuata njia ya kupinga, ngoja nisimulie kwa kirefu kidogo.

Yangu haikuwa simu, ilikuwa sola ya kulipia kidogo kidogo. Nilimaliza kabisa, taarifa ikawa inasema nadaiwa 46,000. Nilianza kwa kuipigia kwa hasira kampuni ya taarifa za wakopaji. Wakanijibu kwa upole kwamba wao hawafuti kwa sababu tu mteja amesema, wanarudi kumuuliza aliyepeleka. Basi nikaenda kwa aliyepeleka, safari hii na karatasi.

Karatasi yenyewe ni hivi: nilikwenda duka la mtandao wa simu nikaomba taarifa ya miamala ya kipindi chote, ikachapwa, kurasa 11. Nikakaa na wino mwekundu nikizungushia kila malipo, namba ya muamala, tarehe, kiasi. Nikakuta malipo matatu niliyakosea namba ya kumbukumbu, tarakimu moja ilipungua. Pesa ilifika kwao ila haikuingia kwenye akaunti yangu. Walipoona wenyewe hawakubisha, wakarekebisha, ikachukua kama wiki tano.

Sasa wewe, kaka, unapinga nini hasa? Kama mkataba unasema faini ya kuchelewa, na wewe kweli uliacha, 312,400 inaweza kuwa halali yote. Pinga kile ambacho una karatasi yake. Ukipinga deni zima utapoteza msimu bure.

Mkulima_Isyonje

Mama, mkataba sina. Ulikuwa ndani ya simu.

Mama_Ipogolo

Basi uombe. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinawahusu wote walio chini ya Benki Kuu, lazima ujue masharti uliyokubali. Wakikupiga chenga, andika lalamiko kwao kwanza, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, halafu ndipo uende Benki Kuu. Hapo Mbeya si mnalo tawi? Ukienda moja kwa moja bila kupita kwao watakurudisha.

njombe_parachichi

Mie nilipatana. Deni lilikuwa la simu kama lako, nilikuwa nimebakiza 140,000 na faini zimeifikisha karibu 260,000. Nikawaambia ukweli: nina 170,000 mkononi leo, mkikubali nailipa leo. Wakazunguka siku mbili, wakakubali.

Ila hapa ndipo nilipoliwa. Nililipa kwa makubaliano ya mdomo. Baada ya miezi mitatu taarifa bado inaonyesha 90,000. Nikipiga, kila anayepokea ni mtu mwingine hajui lolote. Ikabidi nianze upya.

Kwa hiyo usitume hata shilingi kabla ya barua. Barua iseme mambo haya: jina lako na NIDA, namba ya mkataba, kiasi mlichokubaliana, kwamba ukikilipa salio linakuwa sifuri, na kwamba watapeleka marekebisho hayo kwa wenye taarifa za mikopo. Ukilipa, omba na ya pili ya kumaliza deni. Wakikwambia "usijali, mfumo utajirekebisha wenyewe", jali.

Afisa_Mstaafu

Naongezea kwa Njombe. Kupatana kuna gharama yake. Mkopeshaji akisamehe sehemu, anaweza kuliandika deni kama lililofungwa kwa hasara upande wake. Salio sifuri, sawa, lakini afisa makini anasoma na atauliza. Ukilipa lote linasomeka limelipwa, nalo lina historia ya kuchelewa, maana kulipa leo hakufuti kwamba ulichelewa jana. Binafsi, kwa tofauti ya laki moja na ushee na mkopo wa milioni tano mbele yangu, ningelipa lote. Kwa deni la milioni mbili ningepatana.

Kishoka_Smart

Nina mtu Dar anafuta kila kitu kwenye mfumo, 80,000 tu. Njoo pembeni.

fundi_sido

Hata mimi najua huyu ni mwizi 😂 Mpe NIDA yako uone mkopo wa pili utakaofunguliwa kwa jina lako.

Mama_Ipogolo

Na mkishawapa watu hawa vitambulisho, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Mdogo wangu alikuta mbili asizozijua.

binti_wa_tukuyu

Naona njia ya nne mmeiruka. SACCOS yetu ilinikopesha nikiwa na doa kwenye taarifa, kwa sababu wananijua, nimeweka akiba miaka minne na wadhamini wangu ni wanachama. Lakini mtu mpya hajiungi leo akapewa milioni tano kesho. Kikundi cha kuweka na kukopa kwetu ni mara tatu ya hisa, ukiwa na hisa za laki mbili unapata laki sita. Inatosha mbegu ya kipande, haitoshi ekari tatu.

Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato yao ya ndani, haina riba, ila ni ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nne nne mbili. Kama umri umekupita ndugu yangu, hapo sogea pembeni.

Halafu swali: ulipoibiwa ulichukua RB, yaani namba ya kuripoti wizi polisi? Angalia mkataba kama simu ilikuwa na bima ya wizi, nyingine zinayo.

Mkulima_Isyonje

RB sikuchukua. Niliona simu ya laki sita si ya kumsumbua polisi. Nimejifunza kwa bei.

Mrejesho wakuu, baada ya siku 19. Taarifa niliipata, na tarehe ya mwisho ya salio ilikuwa ya miezi saba nyuma, kama Mstaafu alivyosema. Taarifa ya miamala nikaichapisha. Mama Ipogolo, wino mwekundu umenisaidia: malipo sita ya 1,500 hayakuingia kwenye hesabu yao. Ni 9,000 tu, lakini nilipoyaonyesha sauti ya upande wa pili ilibadilika. Mkataba wakanitumia, bima haikuwemo, faini imo. Wakakubali kutoa hizo 9,000 na faini iliyozihusu, ikabaki 298,000. Sikupatana zaidi, nimelipa yote Jumanne baada ya barua kufika, na ya kumaliza deni ninayo hapa, ina muhuri.

Dada wa benki ameipokea, amesema wao wanaangalia mfumo, si barua, nirudi mwezi ujao wakivuta taarifa upya. Barua imeingia kwenye faili langu hata hivyo.

Nimepanda ekari moja kwa pesa ya kuuza ng'ombe. Binti wa Tukuyu, hiyo SACCOS yenu inapokea mtu wa Isyonje, na kiingilio ni shilingi ngapi?