Fundi amenibabua kama kuku wa kunyonyolewa, kisha akanisimanga

Ndugu wanajamvi, ninaandika nikiwa nimejitanda khanga ya mke wangu kwa sababu mgongo wangu haustahimili shati, na hasira niliyo nayo inatosha kuchemsha ziwa lote kuanzia hapa Nyegezi hadi Ukerewe. Fundi simtaji. Yeyote wa upande huu aliyewahi kuharibikiwa na koki anamjua.

Hita yetu ya bafuni ilikuwa ikitoa maji ya moto kupita kiasi, hata swichi yake ikiwa kwenye alama ya chini. Alikuja akiwa amechelewa saa mbili, akafungua kifuniko, akakigonga mara tatu kwa bisibisi kama daktari anayepima kifua, kisha akatangaza kwamba kazi imekwisha na niingie kujaribu. Wakuu, yale hayakuwa maji ya kuoga, yalikuwa maji ya kusongea ugali. Nilitoka mbio na povu kichwani, naye, akiwa ameegemea mlango, akasema mbele ya mke wangu: "Mzee, maji hayana shida. Wewe umezoea kuoga ziwani."

Umezoea kuoga ziwani! Mimi, mwenye bafu la vigae! Ni kweli kwamba nilizaliwa Ukerewe, lakini hilo linahusiana nini na hita? Mke wangu alicheka. Akadai shilingi 20,000 nami nikalipa, maana mtu aliyevaa taulo hana ubavu wa kupatana bei. Fedha nimesamehe. Kauli ile sisamehi.

Mzee wa Igoma: Pole sana, ndugu. Swali langu ni moja tu: je, hukuzoea?

Binti Kirumba: Huyohuyo alinifungia hita bila waya wa ethi, nikawa nikigusa koki napigwa na umeme. Nilipolalamika, alinishauri nioge na kandambili.

Fundi Mstaafu: Tatizo si joto, ni uchache wa maji. Hita ya wati 5,000 inayopitisha lita 4 kwa dakika huyaongezea maji nyuzi 18 hivi. Matundu ya shawa yakiziba kwa uchafu na lita zikabaki 2, ongezeko hufika nyuzi 36, na maji yetu hayaingii bombani yakiwa baridi kama ya Makete. Zima swichi kuu kwanza, fungua uso wa shawa, uuloweke katika siki, uyasugue matundu kwa mswaki wa zamani, kisha hakikisha koki ya kuingizia maji imefunguliwa hadi mwisho.

Mwanzisha uzi: Ninashukuru, mkuu, lakini hujasema lolote kuhusu ile kauli.

Mkazi wa Mlimani: Ninyi mnalalamikia maji ya moto, ilhali sisi tuliojenga juu ya mawe tunaamka saa nane za usiku kusikiliza kama bomba limeanza kukoroma. Nilinunua pampu, na mpaka leo haijapandisha hata ndoo moja.

Binti Kirumba: Aliyeifunga ni nani?

Mkazi wa Mlimani: Huyohuyo. Aliifunga kinyume, ikawa inanyonya maji ya tangi langu na kuyarudisha bondeni.

Mzee wa Igoma: Kumbe ndiyo maana huku kwetu maji hayakatiki! Tafadhali usiiguse pampu hiyo.