Naomba ushauri: kukodisha ekari moja kwa vipande vya bustani, Uyole (Mbeya)

Wakuu, heshima kwenu. Ekari moja, mteremko kidogo, nataka kuikata vipande vya mita 10 kwa 10 wakodi watu wa mjini wanaotaka mboga zao wenyewe. Ukiacha njia ya mita moja kati ya vipande, barabara ya toroli na sehemu ya mboji, vinatoka 25.

Kichwa kinauma kwenye maji. Masika hakuna shida, ila kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, kipande kimoja kikilimwa chote kinakula lita 400 hadi 500 kwa siku. Vyote 25 ni zaidi ya lita 10,000, kwa hiyo simtanki la 5,000 ni pambo tu. Mnaokodisha, maji mnaweka ndani ya kodi au kila mtu na mita yake? Kodi ya jumla naiogopa, kuna mtu ataacha mpira wazi usiku kucha.

La pili, mnyauko bakteria wa viazi na nyanya. Mmoja akileta mbegu ya viazi ya sokoni yenye ugonjwa, maji ya mvua yanaushusha kwa majirani wa chini, na udongo unabaki nao kwa miaka. Nipige marufuku viazi kabisa, au niwatengee vipande vya chini kabisa?

Parachichi na miti yote ya kudumu nimeshakataa kwenye mkataba. Mkataba wenyewe uwe wa msimu au mwaka? Na kipande kikitelekezwa magugu yakatoa mbegu, mnampa mpangaji notisi ya siku ngapi?